Henrik Ibsen: Mtunzi wa Norwei aliyeweka msingi wa taharuki ya filamu za leo

Mwandishi wa tamthilia wa Norwei, Henrik Ibsen, alifariki dunia tarehe 23 Mei 1906 akiwa na umri wa miaka 78, katika mji wa Kristiania ambao leo unaitwa Oslo. Wakati huo sinema ilikuwa bado changa. Filamu nyingi zilidumu dakika chache tu, hazikuwa na sauti, na zilionyeshwa katika mabanda ya maonyesho na kumbi za starehe. Ibsen hakuandika muswada wa filamu hata mmoja. Hata hivyo, mtu yeyote anayekaa jioni mbele ya televisheni akashindwa kuinuka, kwa kuwa anataka kujua barua itafunguliwa na nani na siri ya mke itafichuka lini, amekaa katika nyumba ambayo sehemu kubwa ya msingi wake iliwekwa na mzee huyo.

Kwa wasomaji wetu waishio Uswidi jina lake si geni. Vijana wetu hulikuta katika masomo ya fasihi, na tamthilia zake hazikauki katika majumba ya maigizo ya Stockholm, Gothenburg na Malmö. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kufuata maswali mawili: alifanya nini hasa hata hadhira ikashindwa kumwachia, na gharama ya ustadi huo ililipwa na nani?

Mtoto wa mfanyabiashara aliyefilisika

Ibsen alizaliwa tarehe 20 Machi 1828 katika mji wa bandari wa Skien, kusini mwa Norwei. Baba yake, Knud, alikuwa mfanyabiashara mwenye jina. Mama yake, Marichen, alitoka katika ukoo wenye mali. Henrik alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, biashara ya baba ilianguka. Familia ikahama mjini na kwenda kuishi katika shamba la Venstøp, nje kidogo ya Skien. Wale waliokuwa wakialikwa mezani kwao hawakuonekana tena.

Mtoto aliyeona mlango wa heshima ukifungwa namna hiyo hakusahau. Madeni, hofu ya kuaibika na juhudi za kuonekana mbele za watu kana kwamba mambo ni salama ni mambo yanayojirudia katika tamthilia zake zote kubwa.

Akiwa na umri wa miaka 15 aliondoka nyumbani kwenda mji mdogo wa Grimstad, kujifunza kazi katika duka la dawa. Huko, mwaka 1846, alizaa mtoto wa kiume na mtumishi wa nyumba hiyo aliyemzidi umri kwa miaka kumi. Hawakuoana. Kwa amri ya serikali alilazimika kutoa fedha za matunzo ya mtoto kwa miaka mingi, ingawa kipato chake mwenyewe kilikuwa cha kubahatisha, na hakumlea mtoto huyo. Mtu ambaye baadaye angewaweka wahusika wake mbele ya mambo waliyoyazika alikuwa na jambo lake mwenyewe alilolizika mapema.

Usiku, baada ya duka kufungwa, alikuwa akisoma na kuandika. Tamthilia yake ya kwanza, Catilina, ilichapishwa mwaka 1850 kwa jina la kubuni na kwa fedha za rafiki yake. Ilinunuliwa na watu wachache sana.

Shule ya Bergen

Mwaka 1851 mpiga fidla mashuhuri Ole Bull alimchukua Ibsen kwenda kufanya kazi katika jumba la maigizo alilokuwa amelianzisha mjini Bergen. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 23 na hakuwahi kuongoza mchezo wowote. Mwaka uliofuata alipelekwa Copenhagen na Dresden kujifunza namna majumba makubwa yanavyoendeshwa. Alidumu Bergen hadi mwaka 1857, na katika muda huo alishiriki kuandaa zaidi ya michezo 100.

Mingi kati ya michezo hiyo ilitoka Ufaransa, na jina lililotawala lilikuwa la Eugène Scribe. Huyu alikuwa fundi wa kile kilichoitwa mchezo uliosukwa vizuri. Kanuni zake zilikuwa wazi. Pawepo siri inayojulikana na hadhira lakini haijulikani na baadhi ya wahusika. Pawepo barua, hati au pete inayopita kutoka mkono hadi mkono. Kila sehemu imalizike mahali ambapo mtazamaji hawezi kwenda nyumbani. Karibu na mwisho siri ifichuke, fundo lifunguke, na kila mtu arudi mahali pake.

Ibsen aliudharau wepesi wa michezo hiyo, lakini kwa miaka sita aliifungua na kuifunga kama fundi saa. Alijua kila gurudumu linazungusha nini. Alijua pia kasoro yake kubwa: wahusika walikuwa vyombo vya kubebea matukio, na mapazia yaliposhuka hakuna aliyebadilika.

Mwaka 1857 alihamia Kristiania kuongoza jumba jingine la maigizo. Mwaka 1858 alimwoa Suzannah Thoresen, na mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wao wa pekee, Sigurd. Jumba hilo lilifilisika mwaka 1862. Ibsen alibaki na madeni, na baadhi ya marafiki walihofia kwamba pombe ingemmaliza.

Miaka 27 ugenini

Mwaka 1864, kwa msaada wa marafiki na ruzuku ndogo, aliondoka Norwei kwenda Roma. Alikuwa na umri wa miaka 36. Hakurudi kuishi nchini kwake mpaka mwaka 1891. Kwa miaka 27 aliishi Roma, Dresden na Munich, akihama kutoka nyumba ya kupanga hadi nyumba ya kupanga, akiandika kuhusu miji midogo ya Norwei kwa lugha ambayo majirani zake hawakuielewa. Wengi wanaoishi mbali na kwao watalitambua jambo hilo: baadhi ya mambo ya nyumbani huonekana vizuri zaidi kutoka mbali.

Tamthilia ya kishairi ya Brand, iliyochapishwa Copenhagen mwaka 1866, ilimtoa katika umaskini. Bunge la Norwei lilimpa ruzuku ya kila mwaka. Peer Gynt ikafuata mwaka 1867, na baadaye ikapata muziki wa Edvard Grieg.

Mwaka 1869 alikaa kwa muda Stockholm, alikohudhuria mkutano wa kuoanisha tahajia za lugha za Skandinavia. Kutoka huko alisafiri kwenda Misri, akiwa mmoja wa wageni walioalikwa na mtawala Ismail kwenye ufunguzi wa Mfereji wa Suez, na alipanda mto Nile hadi Nubia. Ndiyo safari yake pekee katika bara la Afrika.

Kisha akageuka. Aliacha ushairi, akaacha wafalme na mashujaa wa kale, akaanza kuandika kwa lugha ya kawaida kuhusu watu wa kawaida: wenye benki, madaktari, wachungaji, wake zao na watumishi wao. Nguzo za Jamii ilitoka mwaka 1877. Miaka miwili baadaye ikatoka kazi iliyoandika jina lake duniani.

Nora na kisanduku cha barua

Tarehe 19 Oktoba 1878, akiwa Roma, Ibsen aliandika maelezo mafupi kuhusu tamthilia aliyokuwa akiiwazia. Wazo lake lilikuwa kwamba kuna sheria mbili za dhamiri, moja ya mwanamume na nyingine ya mwanamke, na kwamba mwanamke huhukumiwa kwa ile ya mwanamume. Majira ya joto yaliyofuata, katika mji wa Amalfi, aliimaliza kazi hiyo. Et dukkehjem, yaani Nyumba ya Mwanasesere, ilichapishwa Copenhagen tarehe 4 Desemba 1879. Nakala 8,000 za chapa ya kwanza ziliisha ndani ya mwezi mmoja, na mchezo ulionyeshwa kwa mara ya kwanza katika Jumba la Kifalme la Copenhagen tarehe 21 Desemba.

Inafaa kusimama hapa, kwa sababu tamthilia hii ni kama mashine iliyofunguliwa ili tuone ndani.

Hadithi yote hutokea katika chumba kimoja, kwa siku tatu za Krismasi. Nora Helmer ni mke wa Torvald, ambaye karibu ataanza kazi ya umeneja wa benki. Miaka kadhaa kabla, Torvald aliugua sana, na madaktari walisema aponye maisha yake kwa kwenda nchi za joto. Nora alikopa kroner 4,800 kwa siri kutoka kwa mtu aitwaye Krogstad, na akaghushi saini ya baba yake awe mdhamini. Kosa lake ni dogo lakini halifutiki: baba alikufa tarehe 29 Septemba, na saini ina tarehe 2 Oktoba. Sasa Krogstad anafanya kazi katika benki ileile, Torvald anataka kumfukuza, na Krogstad anamwambia Nora kwamba akifukuzwa atasema kila kitu.

Hapo taharuki ina chombo chake. Krogstad anaandika barua na kuitumbukiza katika kisanduku cha barua mlangoni mwa nyumba. Kisanduku kina kioo, hivyo barua inaonekana. Ufunguo anao Torvald peke yake. Kuanzia wakati huo kila neno la kawaida linalosemwa chumbani lina uzito, kwa kuwa hadhira haiwezi kukisahau kisanduku. Nora anacheza ngoma ya Kiitalia kama mwenye wazimu ili mumewe asiende mlangoni. Hakuna bunduki, hakuna moto, hakuna farasi. Ni karatasi moja nyuma ya kioo.

Hadi hapa Scribe mwenyewe angepiga makofi. Tofauti iko katika haja ya mhusika. Analolitaka Nora ni jambo moja: siri isitoke. Anakula hata biskuti zake tamu kwa kujificha, na mtazamaji anaelewa tangu dakika za mwanzo kwamba kuficha ndiyo namna yake ya kuishi. Lakini analolihitaji ni kitu kingine ambacho yeye mwenyewe hajakitambua. Anahitaji kujua kama katika nyumba hiyo yeye ni mtu au ni pambo. Ndani ya moyo anaamini kwamba siri ikifichuka mumewe atajitokeza, atachukua lawama zote, na upendo wao utathibitika. Ana hofu ya muujiza huo, na wakati huohuo anaungoja.

Torvald anaisoma barua. Badala ya muujiza, anamtukana mkewe na kusema hafai kulea watoto. Mara inafika barua ya pili: Krogstad ameghairi na kuirudisha hati ya deni. Torvald anafurahi kwamba ameokoka, anasamehe, anataka maisha yaendelee kama jana. Katika mchezo wa kawaida pazia lingeshuka hapo. Fundo limefunguka, deni limekwisha, nyumba imesalimika.

Ibsen hakushusha pazia. Alimketisha Nora mezani mbele ya mumewe, akawafanya wazungumze, kwa mara ya kwanza katika miaka minane ya ndoa, kama watu wazima wawili. Hatari ya nje imeondoka, na ndipo swali la ndani linapobaki bila kifuniko. Mwishoni Nora anaondoka, anamwacha mume na watoto watatu, na mlango unasikika ukifungwa chini.

Mlango huo ulizua kelele kote Ulaya. Nchini Ujerumani mwigizaji mashuhuri Hedwig Niemann-Raabe alikataa kucheza mwisho wa namna hiyo. Kwa kuwa sheria za wakati huo hazikumlinda mtunzi dhidi ya watu wa kubadilisha kazi yake, Ibsen aliona afadhali aiharibu mwenyewe kuliko kuharibiwa na wengine. Aliandika mwisho mwingine ambamo Nora anapelekwa kwenye mlango wa chumba cha watoto, anaanguka, na anabaki. Aliuchukia mwisho huo, na haukudumu. Watazamaji waliokwisha kusafiri na Nora kwa siku tatu waliona kwamba mtu huyo asingeweza kubaki.

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya Nora

Nora hakutoka hewani. Mwandishi kijana Laura Petersen, ambaye baada ya kuolewa na mwalimu wa Denmark aliitwa Laura Kieler, alikuwa rafiki wa familia ya Ibsen. Mume wake aliugua kifua kikuu, na Laura alikopa fedha kwa siri ili ampeleke Italia. Mume alipona. Deni lilipomkaba, mwaka 1878 alituma kwa Ibsen muswada wa kitabu alichokiandika haraka, akiomba ausifie kwa mchapishaji wake ili apate fedha. Ibsen aliona kazi hiyo ni dhaifu, akakataa, na akamshauri amweleze mumewe kila kitu.

Laura hakuweza. Aliuchoma muswada, akaghushi hundi, na jambo likagundulika. Mumewe alitaka watengane, watoto waliondolewa mikononi mwake, na alipelekwa kwa muda katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Baadaye alirudi nyumbani kwa ajili ya watoto. Ibsen alikuwa na habari hizo. Miezi michache baadaye alianza kuandika.

Baada ya tamthilia kujulikana, watu walianza kumwonyesha Laura kidole kuwa ndiye Nora. Alikuwa mwandishi mwenye vitabu vyake, lakini jina lake likafunikwa na la mhusika. Alipokwenda kumwona Ibsen miaka mingi baadaye na kumwomba atamke hadharani kwamba Nora si yeye, mzee huyo hakutoa tamko hilo. Laura Kieler aliishi hadi mwaka 1932, na hadi mwisho alilichukia jina alilobandikwa.

Hapa ndipo swali la gharama linapojitokeza. Mwaka 1879 Ibsen alisimama katika klabu ya Waskandinavia mjini Roma na kudai wanawake wapewe haki ya kupiga kura katika mikutano ya klabu; aliposhindwa aliwakemea wanaume wenzake kwa ukali. Mwaka huohuo alikamilisha tamthilia ambayo imewapa ujasiri wanawake wa vizazi vingi. Na kwa mwanamke mmoja aliyeteseka kweli, ambaye masaibu yake ndiyo yaliyoipa tamthilia hiyo uti wa mgongo, hakutoa hata kauli fupi. Mwaka 1898, akialikwa na chama cha kutetea haki za wanawake cha Norwei, alieleza kwamba hakuwa ameandika ili kutetea chama chochote bali kuwaelezea wanadamu. Huenda alisema kweli kuhusu kazi yake. Laura hakupata nafuu yoyote kwa maneno hayo.

Mizuka yatua Helsingborg

Kwa wale waliomlaumu kwamba Nora hakupaswa kuondoka, Ibsen alijibu kwa kumwonyesha mwanamke aliyebaki. Gengangere ilichapishwa Desemba 1881. Kichwa hicho kimezoeleka kwa lugha nyingine kwa neno lenye maana ya mizimu, lakini neno la asili linataja wale wanaorudi kutembea tena. Kiswahili kina neno linalokaribia zaidi: mizuka, mambo yanayozuka upya pale yalipodhaniwa yamekwisha.

Bi Alving amekaa na mume mwasherati hadi alipokufa, na sasa anajenga nyumba ya yatima kwa heshima ya jina lake, ili uongo upate kaburi zuri. Mwanawe Osvald anarudi kutoka Paris akiwa mgonjwa: amerithi kaswende ya baba. Msichana wa kazi anayempenda ni dada yake kwa baba. Karibu kila jambo zito limetokea kabla ya pazia kufunguliwa. Ibsen hatumii kisengerenyuma. Hatupeleki miaka ya nyuma. Anawaacha watu wazungumze leo, na kila jibu linaondoa udongo kidogo juu ya jana. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mtazamaji anasukumwa mbele na yale yaliyokwisha kutokea, na njia hiyo sasa ni mhimili wa filamu nyingi za upelelezi na za kifamilia.

Chapa ya kwanza ilikuwa ya nakala 10,000. Maduka ya vitabu yalirudisha vifurushi, na chapa ya pili haikutoka hadi mwaka 1894. Majumba makubwa ya Skandinavia yaliukataa mchezo. Ulionyeshwa kwanza Mei 1882 mjini Chicago, mbele ya wahamiaji waliokuwa wakizungumza lugha za Skandinavia. Barani Ulaya ulianzia hapa Uswidi: Agosti 1883 mwigizaji August Lindberg aliuonyesha Helsingborg, yeye mwenyewe akicheza nafasi ya Osvald, kisha akazunguka nao katika miji mingine.

Daktari na maji machafu

Kelele hizo zilimpa Ibsen tamthilia iliyofuata. Kwa kawaida alitoa kazi moja kila baada ya miaka miwili; Adui wa Umma ilitoka mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 1882. Daktari Stockmann anagundua kwamba maji ya bafu za tiba, ambazo ndizo riziki ya mji wake, yamechafuliwa na viwanda vya ngozi. Anadhani atashukuriwa. Ndugu yake, ambaye ni meya, anahesabu gharama ya kubadilisha mabomba. Wahariri wa gazeti wanamuunga mkono mpaka wanapotambua nani atalipa. Katika sehemu ya nne mkutano wa hadhara unampigia kura kuwa adui wa umma.

Kila mpinzani wa daktari ana haja inayoeleweka: kazi, kodi, wasomaji, amani ya mji. Daktari naye si malaika. Ana kiburi, na anapenda kuwa sahihi kuliko anavyopenda watu. Kwa sababu hiyo mgogoro hauishi nguvu. Satyajit Ray wa India aliigeuza kuwa filamu ya Ganashatru mwaka 1989, maji yakiwa ya hekalu. Wahakiki wengi wameiona pia ndani ya filamu ya Jaws ya mwaka 1975, ambamo meya hataki ufukwe ufungwe ijapokuwa papa ameonekana.

Hedda Gabler ya mwaka 1890 ilikamilisha ustadi huo. Bastola za marehemu jenerali zinatajwa mwishoni mwa sehemu ya kwanza, katika chumba cha bibi mdogo aliyechoka na ndoa. Baada ya hapo hadhira haina utulivu.

Namna alivyofanya kazi

Ibsen alikuwa na taratibu kali. Alianza na maelezo mafupi, kisha mpango wa matukio, kisha rasimu ya kwanza, ya pili na mara nyingi ya tatu. Inasimuliwa kwamba aliwaeleza wahusika wake kwa mfano wa safari: katika rasimu ya kwanza anawajua kama abiria aliokutana nao katika treni, katika ya pili kana kwamba amekaa nao mwezi mmoja, katika ya mwisho ni jamaa wa karibu ambao hawawezi tena kumshangaza. Rasimu zilizohifadhiwa zinathibitisha. Mazungumzo yanafupishwa, maelezo yanaondolewa, na siri inasogezwa mbele au nyuma hadi ipate mahali pake.

Mskoti William Archer, aliyezitafsiri na kuzitetea tamthilia hizo mjini London, aliandika mwaka 1912 kitabu cha ufundi wa kuandika michezo. Mwaka 1946 Lajos Egri alichapisha kitabu chake cha uandishi wa tamthilia, akimchambua Nora hatua kwa hatua. Kimesomwa na waandishi wengi wa Hollywood. Kwa njia hizo mafunzo ya Ibsen yaliingia katika filamu hata kwa watu ambao hawakuwahi kumsoma.

Uswidi ilikuwa ya mapema. Mwaka 1917 Victor Sjöström alitengeneza filamu ya Terje Vigen kutokana na shairi refu la Ibsen, na wengi huiona kuwa mwanzo wa zama za dhahabu za sinema ya Uswidi. Ingmar Bergman aliongoza tamthilia zake jukwaani mara kadhaa. Nchini Iran, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dariush Mehrjui alimfanya Nora kuwa Sara, mwanamke anayetarizi usiku hadi macho yanauma ili alipe deni aliloliingia kwa siri kumwokoa mumewe.

Kurudi nyumbani

Ibsen alirudi Kristiania mwaka 1891 akiwa tajiri na mwenye sifa. Kila siku alitembea kwa saa ileile hadi mkahawa wa Grand, na watu waliweza kurekebisha saa zao kwa kumtazama. Mwaka 1895 alinunua picha ya mpinzani wake wa Uswidi, August Strindberg, akaitundika katika chumba chake cha kazi, ili amtazame wakati anaandika. Mwanawe Sigurd alipanda katika siasa na kuwa waziri mkuu wa Norwei mjini Stockholm kuanzia mwaka 1903 hadi 1905, mwaka ambao muungano wa nchi hizi mbili ulivunjika.

Tamthilia ya mwisho ilitoka mwaka 1899. Mwaka uliofuata Ibsen alipata kiharusi, kisha kingine, na mkono uliozoea kalamu ukaacha kumtii. Alizikwa kwa heshima za kitaifa. Juu ya kaburi lake umesimama mnara wenye alama ya nyundo, kumkumbusha mchimba madini wa shairi lake la ujanani, aliyegonga mwamba akitafuta kilichofichwa ndani.

Mwaka 2001 miswada ya Nyumba ya Mwanasesere iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Anayeandika filamu leo, Stockholm au Dar es Salaam, bado anakabiliwa na maswali yaliyomo katika kurasa hizo: mtu huyu anataka nini, anahitaji nini asichokijua, anaficha nini, na ufunguo wa kisanduku uko mfukoni mwa nani. Laura Kieler angeongeza swali la tano: hadithi hii ni ya nani, na je, ameulizwa?